Misumari Kumi na Miwili Kinywani

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2013. Baridi ya usiku ilikuwa imegandisha maji ya ndoo uani, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na ukungu ulilala bondeni ukafika mpaka kiunoni mwa kanisa. Kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi mbili chini ya sifuri. Juu ya ukungu jua lilikuwa limeshachomoza, safi, lisilo na joto lolote.

Huko juu ya ukungu ndiko alikokuwa Vencel Barabás, fundi wa kuezeka kwa vigae vya mbao, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Alikaa juu ya ubao uliofungwa kamba kwenye paa la mnara wa kengele wa kijiji cha Fenyőlok. Pande tatu za paa zilikuwa zimekwisha. Ulibaki upande wa kaskazini, safu thelathini na moja, na theluji ya milima ile ina kawaida ya kuingia Sikukuu ya Watakatifu Wote inapokaribia. Mafundi wengine wawili waliojua kazi hiyo, mmoja alikuwa ameshafariki na mwingine alikuwa Hungaria anaezeka mabati. Kama Vencel hakumaliza, mnara ungekaa wazi majira yote ya baridi, na maboriti yake yangekunywa maji.

Kazi ya vigae inataka mikono miwili. Wa kushoto unashika kigae, wa kulia unashika nyundo. Kwa hiyo misumari hukaa kinywani. Baba yake aliibana hivyo, na babu yake pia. Vencel aliweka kumi na miwili kwa mara moja, upande wa kushoto, ikibanwa na meno, na ulimi ukaisukuma nje mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, bila yeye kufikiri. Fundi asiyeweza kubana misumari huhitaji mtu wa pili wa kumpa mkononi, na juu ya mnara ule hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili.

Asubuhi hiyo misumari ilikuwa imelala nje kwenye ndoo ya bati, ikashika baridi. Mmoja uligusa shina la chonge yake ya juu, pale jino linapokutana na ufizi, na maumivu yakapanda moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho. Mdomo ulifunguka wenyewe. Misumari yote kumi na miwili ikamwagika, ikagonga ubao, ikateremka paani ikilia. Vencel akavuta pumzi kwa mshtuko, na ile hewa baridi ilipopita kwenye meno ikawa ni mkuki wa pili. Akalikumbatia boriti.

Chini, Dénes, kaka wa mke wake, aliyekuwa akipandisha vigae kwa kamba, aliruka pembeni.

"Wee shemeji! Nimekukosea nini mimi mpaka unanitemea misumari?"

Vencel alikuwa bado amelikumbatia boriti.

"Unashuka au nikuletee padri?"

"Nashuka," alisema Vencel kwa mdomo uliofumbwa nusu.

Alishuka ngazi taratibu, akiziba mdomo kwa kola ya koti lake ili hewa isimwingie. Alipofika chini uso ulikuwa umepauka.

"Ni yale meno?" aliuliza Dénes, sasa bila mzaha.

"Ni yale yale. Yamekwisha, Dénes. Yameoza mizizini. Yang'olewe tu, yote manne."

"Kisha misumari utaibana na nini? Na fizi kama mtoto mchanga?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Vencel raha tangu majira ya kuchipua. Akiyaacha meno, hawezi kukaa juu. Akiyang'oa, hawezi kufanya kazi. Aliliwaza kila upande kama mtu anayegeuza ubao uliopinda akitafuta pa kuanzia kuupasua, na hakupata.

Alifanya alichofanya kila siku tangu maumivu yaanze: alikwenda kwenye chemchemi. Ipo hatua mia mbili kutoka kanisani, chini ya kibanda ambacho Vencel mwenyewe alikiezeka mwaka aliooa. Maji yake yana uchachu na mapovu, yanauma ulimi kidogo, na watu wa Fenyőlok huyanywa tangu utotoni. Huyapeleka kwa wagonjwa wa tumbo, wa figo, wa mapafu, na kwa bibi harusi mwenye wasiwasi. Ukiwaambia kuna ugonjwa yasiyoutibu, watakuuliza wewe ni mgeni wa wapi. Vencel akajaza kinywa, akafumba macho, akayashikilia mpaka mapovu yakaisha. Akatema. Akarudia mara saba. Maji yale ya baridi yalimchoma kwanza, kisha mdomo ukafa ganzi, na ganzi hiyo ndiyo aliyoiita nafuu. Akajaza na chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Nyumbani, mke wake Regina alimtazama mara moja tu akajua.

"Kaa. Kunywa supu."

"Ina moto."

"Nitaipoza."

"Ikipoa itakuwa baridi."

"Basi wewe unataka nini, Vencel? Supu isiyo na moto wala baridi wapi nitaipata?"

Alikula ugali wa mahindi na jibini laini, akitafuna upande wa kulia. Kisha akanywa bilauri ya maji ya kabichi iliyochachishwa, kwa sababu jirani alisema yanaua wadudu wa meno, akasukutua tena na yale ya chemchemi, na papo hapo akaenda kwenye beseni, akachovya mswaki kwenye kopo la majivu ya kuni na chumvi, akaanza kusugua. Regina alisikia sauti ile jikoni. Alikuwa ameisikia kwa miaka thelathini na mmoja, asubuhi, mchana na jioni: sauti ya mtu anayepiga msasa mlango.

Kusugua huko kulikuwa na historia. Mama yake Vencel, Ágnes, alibaki bila jino hata moja alipotimiza miaka arobaini na mmoja. Yaling'olewa moja baada ya jingine na mhunzi wa kijiji cha pili, mwenye koleo na chupa ya palinka, pombe kali ya matunda. Nusu chupa kwa mgonjwa, nusu kwa mhunzi. Katika picha ya harusi ya Vencel, Ágnes ndiye pekee aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Vencel alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama huyo alirudi kutoka gulioni na mswaki, wa kwanza kuingia katika nyumba ile, nywele zake ni za nguruwe, ngumu kama ufagio. Akampa mwanawe.

"Sugua," alimwambia. "Sugua kwa nguvu mpaka mkono uchoke. Yasije yakakupata yangu."

Vencel alitii. Alitii jeshini, alitii siku ya harusi yake, alitii hata baada ya mama kufa. Alipobadilisha mswaki alinunua mgumu kuliko yote dukani, akilalamika kwamba siku hizi hawatengenezi vitu imara. Kwa hiyo maumivu yalipomjia aliona aibu kuliko alivyoona uchungu. Ilikuwa kama ameshindwa na neno moja tu aliloombwa na mama yake.

Regina alisubiri mpaka sauti ya msasa ilipokoma, akapiga simu mjini kwa daktari wa meno. Alipata nafasi ya Jumatano.

"Atayang'oa?" aliuliza Vencel kutoka kwenye beseni.

"Sijamwambia ayang'oe. Nimemwambia ayatazame."

"Ayatazame nini? Mimi nayajua."

"Unayajua kwa kuyaona au kwa kuyaogopa?" alisema Regina, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatano tarehe 16 Dénes alimpeleka kwa gari lake kuukuu, akaingia naye mpaka ndani, kwa kuwa, alivyosema, hajawahi kumwona shemeji yake akiogopa kitu na hataki kukosa. Daktari Emőke alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Vencel alivua kofia akasimama katikati ya chumba.

"Daktari, ni haya manne. Mawili ya juu na mawili ya chini. Yang'oe yote leo, sitapiga kelele. Ila nifikirie namna ya kushika misumari baadaye."

"Kaa kwanza, mzee Vencel. Misumari gani?"

"Kaa tu," alisema Dénes kutoka mlangoni. "Ni hadithi ndefu, na ina kengele ndani yake."

Daktari alimpa kikombe cha maji asukutue. Vencel alikitazama, akakirudisha kwa heshima, akatoa chupa mfukoni mwa koti.

"Ya bomba? Asante sana, nimekuja na yangu." Akajaza kinywa kutoka kwenye chupa, akafumba macho, akashikilia. Mapovu yalisikika mpaka mlangoni. Daktari Emőke alivaa miwani akamtazama kwa utulivu mpaka alipotema.

"Huwa unafanya hivyo mara ngapi?"

"Kila yanaponiuma."

"Yanauma mara ngapi?"

"Siku hizi? Mara kumi. Kumi na tano. Maji yaliyobaki yote, daktari, ni yako, nimekuletea zawadi."

Daktari aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akaanza kazi. Alipuliza hewa kidogo juu ya chonge. Vencel aliruka kwenye kiti. Aligonga jino hilo hilo kwa mpini wa chuma, mara tatu. Vencel hakusikia maumivu, akashangaa. Alipitisha sindano yenye ncha iliyopinda juu ya kila jino, nyuma na mbele, polepole, kama Vencel anavyopitisha kidole kwenye ubao akitafuta ufa. Akapiga picha ya eksirei. Alirudi nayo, akaishika kwenye mwanga, akaigeuza mara mbili.

"Mzee Vencel, una meno ishirini na tisa."

"Ndiyo."

"Hakuna hata moja lililooza. Hakuna tundu, hakuna usaha mizizini. Katika umri wako, hapa kwetu, sijayaona meno kama haya mwaka huu wote. Siwezi kung'oa jino zima."

Dénes alivua kofia yake mlangoni.

"Sasa kinachouma ni nini?" Vencel aliuliza.

"Niambie kwanza. Unatumia mkono wa kulia?"

"Ndiyo."

"Nilijua kwa kutazama." Akampa kioo kidogo. "Tazama upande wa kushoto, hapa, pale jino linapoingia kwenye ufizi. Unaona?"

Vencel aliona. Palikuwa na mfuo kwenye kila moja ya yale manne, juu na chini, safi, unang'aa, kama alama ya patasi. Katika maisha yake yote aliyasugua meno yale bila kuyatazama.

"Hiyo si kuoza. Hiyo ni kulika," alisema daktari. "Anayetumia mkono wa kulia husugua kwa nguvu zaidi upande wa kushoto, kwa hiyo huko ndiko kunakochimbika. Jino lina gamba gumu kwa nje. Lakini huku chini gamba linakwisha, ni jembamba, na ufizi ukisukumwa ukapanda, mzizi unabaki bila chochote. Ndani ya hiyo sehemu kuna vitundu vidogo visivyoonekana, vinakwenda mpaka kwenye mshipa. Baridi inapita humo. Unasugua na nini?"

"Majivu na chumvi. Mswaki mgumu."

"Baada ya nini?"

"Baada ya haya," alisema Vencel, akaonyesha chupa. "Na maji ya kabichi."

"Papo hapo?"

"Papo hapo. Kabla dawa haijaisha nguvu."

Daktari alivuta kiti chake karibu. "Wewe ni fundi wa mbao. Chukua ubao wa msonobari, uuloweshe mpaka nje ulainike, kisha upitishe randa hapo hapo. Utapata nini?"

Vencel alilitazama swali kama anavyotazama kigogo. "Itachimba," alisema. "Itaondoka na nyama ya ubao. Tena kwenye ncha nyembamba ya kigae ndipo itakapoanza." Mkono wake ulikwenda wenyewe mpaka shavuni. "Kumbe nilikuwa nailowesha mwenyewe."

"Mara kumi na tano kwa siku. Vitu vichachu hulainisha jino kwa muda. Likiachwa, mate hulirudisha polepole. Wewe hukuliacha. Na kila lilipouma zaidi, ulisukutua zaidi na kusugua zaidi."

"Daktari," alisema Dénes, "hayo usije ukayasema Fenyőlok. Utarudishwa mjini kwa miguu."

"Mimi nimezaliwa kilomita nane kutoka kwenye chemchemi hiyo, kaka. Chupa hii nitainywa leo na chakula changu cha mchana, na nashukuru. Maji hayana kosa. Yanyweni na chakula, myameze. Si ya kukaa nayo mdomoni kutwa."

"Na misumari?" aliuliza Vencel. Sauti ilikuwa ndogo.

"Misumari nayo. Jino likibanwa kwa nguvu siku nzima linapinda kidogo sana, na wapo wanaosema kupinda huko hulimega pale pale shingoni. Wengine wanabisha, na mimi sitakuapia. Lakini chuma baridi juu ya mzizi ulio wazi, hilo halina ubishi. Tafuta mahali pengine pa kuiweka."

Alifanya kazi kwa saa moja na robo. Mifuo miwili iliyokuwa mirefu zaidi aliiziba kwa dawa nyeupe iliyogandishwa kwa taa ya buluu. Miwili mingine aliipaka dawa nyembamba kama varnishi, tabaka mbili. Kisha akatoa mswaki laini kwenye droo, akamwonyesha Vencel namna ya kuushika: kwa vidole viwili na gumba, kama kalamu, ukizungushwa polepole kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino. Baada ya kitu kichachu, asubiri nusu saa au zaidi. Majivu yarudi bustanini. Aende kumwona tena baada ya wiki mbili.

Mlangoni Vencel aligeuka, kofia mkononi.

"Mama yangu ndiye aliyeniambia nisugue mpaka mkono uchoke," alisema. "Nilidhani nimemwangusha."

Daktari Emőke alikuwa ananawa mikono. Alifunga bomba kwanza. "Alikupa meno ishirini na tisa, mzee Vencel. Hakuwa na mtu wa kumwambia kiasi, basi. Mshukuru."

Njiani kurudi Dénes aliendesha kilomita kumi nzima bila kutania hata mara moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akasema, "Nami huwa nasukutua na maji yale. Usimwambie dada yangu."

Jioni Regina alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu alileta kiatu cha zamani cha jeshi, akakata ngozi ya shingo ya kiatu hicho, akashona kifuko kipana cha kufungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mdomo wazi, ndani ameweka kipande cha manyoya ya kondoo ili misumari isimame isimwagike. Alimpimia mara mbili. Vencel alikaa amenyoosha mkono, akitazama sindano ikiingia na kutoka.

"Ungeniacha ningemtafuta wa kung'oa tu," alisema.

"Najua."

"Ndio maana ulipiga simu wewe."

"Ndio maana nilipiga mimi. Usitikisike, nitakudunga."

"Asante, Regina."

Mke wake aliukata uzi kwa mkasi. Zamani angeukata kwa meno. Alipogundua alichofanya alicheka peke yake.

Alhamisi tarehe 17 ilikuwa nyuzi tatu chini ya sifuri, bila ukungu. Vencel alipiga mswaki kwa maji ya kisima, kwa vidole viwili na gumba, polepole kiasi kwamba Regina alikuja mlangoni kuona kama kuna mtu humo. Alikunywa supu, yenye moto wake. Akaenda makaburini kwanza, akaondoa majani yaliyodondokea kwenye jiwe la Ágnes, akasimama hapo kidogo na kofia mkononi, kisha akaenda kanisani. Saa moja na dakika ishirini alikuwa juu ya ubao wake. Mazoea yakaupeleka msumari wa kwanza mpaka mdomoni. Akausimamisha karibu na mdomo, akaurudisha kwenye kifuko. Kisha akatazama kaskazini ulikotoka upepo, akafungua kinywa, akavuta hewa yote iliyoingia. Jino moja la chini lilimkumbusha kidogo. Mengine yalinyamaza. Akavuta tena, kwa raha tu.

"Shemeji!" aliita Dénes kutoka chini. "Unakula upepo au unafanya kazi?"

"Vyote viwili," alijibu Vencel. "Leta vigae."

Kufikia kengele ya mchana alikuwa amepiga safu nne, na chini ya mnara hapakuwa na msumari hata mmoja ulioanguka.